Kustaafu Songea: Nyumba Bila Majirani Haitoshi

Mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60, au kwa hiari kuanzia miaka 55. Maandalizi yake aghalabu huwa ya matofali na mabati: kiwanja, nyumba, kisima. Wapo wanaoichagua Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, kwa hali yake ya hewa ya ubaridi, ardhi inayokubali mahindi na wenyeji wakarimu. Uchaguzi huo ni wa busara. Hata hivyo, jambo moja husahaulika katika hesabu hizo, nalo ni watu.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 ilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani huathiriwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Alaye peke yake huacha kupika. Asiye wa kumkumbusha husahau dawa ya shinikizo la damu. Kiharusi kikimpata usiku, hakuna atakayeona kuwa uso umepinda, mkono umelegea na maneno hayatamkiki. Songea ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Hospitali ya Misheni ya Peramiho haiko mbali. Lakini ukaribu wa hospitali haumfai mtu ambaye hakuna aliyetambua kwamba mlango wake haujafunguliwa tangu jana.

Wastaafu wengine hujenga ukuta mrefu kwa hofu ya kuombwa fedha. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana kiinua mgongo huvutia wenye shida wengi. Ila wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone", na uponyaji huo si lazima uwe wa fedha. Mhasibu mstaafu anaweza kutunza vitabu vya kikundi cha kuweka na kukopa. Muuguzi mstaafu anaweza kuwapima wazee wa mtaa shinikizo la damu na kuwahimiza wenye vipimo vya juu waende kituoni mapema. Mwalimu hakosi watoto wa kuwafundisha kusoma. Anayetoa ujuzi na muda wake huacha kuwa mgeni, na siku asipoonekana huulizwa.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na mzee huyo hufika kliniki akapimwa sukari na shinikizo la damu. Inafaa aulizwe pia: Anaishi na nani? Nani angegundua ndani ya siku moja kwamba anaumwa? Nani anazijua dawa zake? Akiridhia, namba ya simu ya jirani huyo iandikwe kwenye kadi yake.

Ujirani haujengwi katika wiki ya kuhamia. Anayetazamia kustaafia Songea aanze miaka kadhaa kabla: ahudhurie misiba na harusi za mtaa, amfahamu balozi wake, ajiunge na kikundi, asali pamoja na wenzake. Mwenye kufanya hivyo atakapohamia, atakuwa na mtu wa kumgongea mlango asubuhi.