Farasi Magara? Kwanza Watoto Wajue Kuogelea!



Wazo la kituo cha farasi cha jamii hapa Magara ni tamu masikioni, na wanaolipenda wana mfano wao. Wanatutajia Brixton, mtaa wa London uliobanana majumba, ambako Ebony Horse Club ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya watoto wa mtaani hapo. Wanatutajia binti wa Kiislamu, Khadijah Mellah, ambaye mama yake aliona tangazo la kilabu hicho msikitini, akampeleka, na Agosti 2019 binti akashinda mbio za Magnolia Cup kule Goodwood akiwa na hijabu yake. MashaAllah! Nani hakufurahi?

Lakini tusitazame picha ya mwisho tu. Kilabu hicho kilikaa miaka 15 bila kituo chake chenyewe, hadi 2011. Na kule daktari wa farasi yupo, fundi wa kwato yupo, majani makavu yanauzwa kama sisi tunavyouziana ndagala.

Hapa je? Farasi wa kilo 500 hula kama kilo 10 za majani makavu kwa siku, na hunywa lita 25 hadi 50 za maji. Sheria ya mwaka 2018 imekataza mifugo kuzurura Burundi nzima, mnyama akae zizini aletewe chakula. Nani atayakata majani hayo, na katika shamba la nani? Milima iko mgongoni kwetu, ziwa liko usoni, katikati ni barabara ya Rumonge, michikichi na mihogo. Mwenye kutafutia mbuzi watatu majani wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa. Bado hatujataja mbung'o, wala ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi. Hata Lamu, kwenye sherehe za Maulidi, wanaoshindanishwa ni punda!

Tunaambiwa pia kwamba ni jambo la dini. Sawa, farasi wana heshima yao, na watoto wa madrasa wanaihifadhi Al-Adiyat. Ila ile kauli inayonasibishwa kwa Sayyidna Umar (R.A.), ambayo ndugu zetu wanaipenda sana, inataja kuogelea pamoja na kupanda farasi. Mbona kuogelea kunarukwa? Au kwa sababu hakuna picha nzuri ya kutundika ukutani?

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na kwa watoto wa mwaka 1 hadi 4 kuzama ni sababu ya nne ya vifo duniani. Sisi ziwa liko mlangoni. Tunawatuma watoto kuchota maji, kuosha vyombo, kupokea mitumbwi alfajiri, na elimu yote tunayowapa kuhusu maji ni fimbo: "Usiende ziwani!" Wanakwenda. Wavulana wanajifunza kwa kuigana, wasichana hawajifunzi kabisa, kisha tunawapandisha wote mtumbwi mmoja.

Na msituambie kwamba haiba ya binti hairuhusu. Kule Unguja, Panje Project iliwafundisha wasichana kuelea, kuogelea na kuokoana wakiwa wamevaa nguo za kufunika mwili mzima. Watu wa pale ni Waislamu kama sisi.

Kinachotakiwa ni kidogo: kipande cha ufuo kilichopimwa kina na kukaguliwa (viboko na mamba si hadithi, wanaomkumbuka Gustave wanajua), kamba, maboya, saa za wavulana na saa za wasichana, na watu wazima waliofundishwa kuokoa. Ukuta hauhitajiki. Tena ni vizuri, maana Sheria ya Maji ya 2012 imeweka mita 150 za ulinzi kandokando ya Tanganyika, na maji yalipopanda mwaka 2024 sote tuliona yaliyowapata waliojenga karibu. Zizi lingejengwa wapi basi? Juu mlimani, mbolea yake iteremke na mvua hadi tunapochota maji ya kunywa?

Farasi akija siku moja, karibu. Lakini mchango wa kwanza ukikusanywa, ununue kamba na maboya, na ufuo uombwe kwa wakuu wa zoni kwa maandishi, kwa jina la jamii nzima, si la mtu mmoja. Na kina mama mnaojua kuogelea, hata kama mlijifunzia utotoni mkitoroka nyumbani, jitokezeni. Bila mwalimu wa kike mabinti wetu watabaki mchangani wakishika nguo za kaka zao.

Wassalaam.