Upasuaji wa kupunguza uzito si safari ya wiki mbili

KUNA jambo limeingia Buyenzi kimyakimya, na kwa sababu limeingia kimyakimya wengi wetu tunalijua nusunusu. Nazungumzia upasuaji wa kupunguza uzito, ambao hapa mtaani watu wanauita kwa kifupi "kukatwa tumbo".

Mimi nauza dawa hapa Buyenzi, si mbali na soko la Ruvumera, na mtu wa duka la dawa huambiwa mambo ambayo hata jirani haambiwi. Mwaka huu familia mbili zimenijia na habari moja. Dada yao amechoka na uzito, magoti yanamuuma, sukari imepanda, na sasa anataka kwenda kupasuliwa nje ya nchi. Ndugu walioko Oman na Ulaya wameahidi kuchanga. Swali lao la kwanza lilikuwa bei. La pili lilikuwa atarudi baada ya siku ngapi. Swali la tatu, ambalo mimi naliona ndilo kubwa, hawakuliuliza: akisharudi hapa Buyenzi, nani atamwangalia?

Naomba nieleweke mapema. Sipingi upasuaji huu, wala simcheki mtu anayeutaka. Unene uliopita kiasi ni ugonjwa, na kumwambia mgonjwa "punguza tu kula" ni rahisi kwa anayesema kuliko kwa anayeambiwa. Ninachopinga ni kuufanya upasuaji uonekane kama safari ya wiki mbili, mtu anaondoka mnene na kurudi mwembamba, habari imekwisha.

Upasuaji wenyewe si wa jana. Mwaka 1966 daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuwapasua watu wanene baada ya kuonekana kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo walikuwa wakipungua uzito. Nchini Sweden, kuanzia mwaka 1987, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 4,000, nusu wamepasuliwa na nusu hawakupasuliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kuwa vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa. Kwa hiyo anayesema jambo hili ni mchezo wa matajiri tu amekosea.

Siku hizi hufanywa zaidi kwa njia mbili. Ya kwanza, daktari hukata na kuondoa karibu robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi kidogo, akaacha kama mrija wenye umbo la ndizi. Sehemu iliyoondolewa hairudi. Ya pili, hutengeneza kifuko kidogo sana juu ya tumbo, kisha huunganisha utumbo mwembamba na kifuko hicho, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Kuna pia puto linaloingizwa tumboni kupitia mdomoni, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, jijini Dar es Salaam, imekuwa ikiitoa. Hilo si upasuaji. Huondolewa baada ya miezi sita au mwaka kutegemea aina yake, na uzito unaweza kurudi. Kunyonya mafuta chini ya ngozi ni kitu kingine kabisa, na hakutibu ugonjwa wa unene.

Sasa tuje kwenye matarajio, maana hapo ndipo familia nyingi hudanganyika. Mtu aliyepasuliwa vizuri hupoteza kwa wastani kama robo ya uzito wake au zaidi kidogo, katika mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mama wa kilo 120 atafika 85 au 90. Asitarajie kufika 60. Lakini kwa kilo hizo 30 anaweza kupanda ngazi, kulala bila kukoroma na kukatika pumzi, na kupunguza dawa za presha na sukari. Hiyo si faida ndogo.

Siku za mwanzo ndizo za hatari. Vifo ni vichache, hesabu zinazotolewa kwenye hospitali zenye uzoefu ni kama mtu mmoja hadi watatu katika kila 1,000. Lakini mshono wa ndani unaweza kuvuja, na damu inaweza kuganda miguuni ikapanda hadi mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa huamshwa atembee siku ileile au kesho yake. Moyo ukienda mbio bila sababu, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu ya bega, pumzi kukata au mguu mmoja kuvimba, hayo si ya kusubiri asubuhi.

Kwa sababu hiyo nashangaa ninaposikia mtu amepangiwa kupasuliwa Jumatatu na kupanda basi la kurudi nyumbani Ijumaa. Hospitali inaweza kumruhusu kutoka baada ya siku mbili au tatu, lakini kutoka hospitali si ruhusa ya kukaa kwenye kiti cha basi usiku na mchana. Akae mji uleule walau siku kumi hadi wiki mbili, karibu na daktari aliyemkata. Gharama ya chumba na ya ndugu wa kumsindikiza iwekwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Akifika nyumbani, jiko lote linabadilika. Wiki mbili za mwanzo ni vinywaji: supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi usio na sukari nyingi. Kisha vyakula laini vilivyopondwa, na baada ya wiki nne hadi sita ndipo huanza chakula cha kawaida, vijiko vichache tu. Mwili unahitaji protini kwanza, na hapa kwetu hatuna shida nayo: mayai, maharage yaliyopondwa, mukeke, hata ndagala zikisagwa. Ubugari huja mwisho, kama nafasi imebaki. Maji ayanywe funda moja moja mchana kutwa, asiyachanganye na chakula. Fanta aiage. Na kwa wiki kama sita asibebe bidoni ya maji wala mtoto mzito.

Nawaomba kina mama na mashangazi wanisamehe, lakini hapa ndipo mapenzi yetu huwa hatari. Sisi tunamheshimu mtu kwa sahani. Mgonjwa akila vijiko vitatu vya supu tunasema hajala, tunamletea pilau, tunamlazimisha kwa jina la Mungu. Aliyekatwa tumbo akilazimishwa atatapika, na akitapika mara kwa mara anaingia kwenye hatari nyingine.

Hatari hiyo ni hii. Mtu anayetapika siku nyingi baada ya upasuaji huu huishiwa vitamini B1 haraka. Dalili zake ni kuchanganyikiwa, kuona vitu viwili viwili na kuyumba anapotembea, na akichelewa ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja. Kwenye zahanati zetu mtu anayetapika huwekewa dripu ya glukosi. Kwa mgonjwa huyu glukosi bila kutanguliza B1 inaweza kumzidishia. Muuguzi hawezi kujua hilo kama hakuambiwa kwamba mgonjwa alikatwa tumbo. Basi aambiwe.

Mambo ya kuficha nimeyaona mwenyewe. Jioni moja kijana mdogo alikuja dukani kununua diklofenaki, mama yake magoti yanamsumbua. Nilipouliza mama ana ugonjwa gani mwingine, akasema mama alipasuliwa tumbo nje mwaka uliopita, ila asimwambie mtu. Nilimtuma na parasetamoli, nikamfuata mama nyumbani. Alikuwa amefanyiwa ile njia ya pili, ya kuunganisha utumbo. Barua ya hospitali alikuwa nayo, imeandikwa kwa Kiingereza, na imekatazwa humo wazi kabisa: diklofenaki, aibuprofeni, aspirini bila idhini ya daktari. Dawa hizo huleta kidonda pale penye maungio, kikatoa damu au kikatoboka. Nyumba nzima hakuna aliyeweza kuisoma barua ile.

Mwenye kisukari ana tahadhari yake. Sukari hushuka haraka baada ya upasuaji, wakati mwingine kabla hata uzito haujapungua. Akiendelea na insulini au vidonge kwa kipimo cha zamani anaweza kuzimia. Dawa zipangwe upya na daktari kabla hajatoka hospitali, na nyumbani kuwe na kifaa cha kupima.

Halafu kuna vitamini. Hizi si za mwezi mmoja, ni za maisha: vitamini za mchanganyiko, madini ya chuma, kalsiamu pamoja na vitamini D, na B12 ambayo kwa wengi hutolewa kwa sindano. Upungufu wa B12 huja polepole, pengine baada ya miaka, mtu akahisi ganzi miguuni na asikumbuke kisu cha zamani. Damu ipimwe mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Mimi nauza dawa, na nasema bila kutafuta wateja: kama familia haina uwezo wa kununua vitamini hizo kila mwezi kwa miaka, basi pesa za upasuaji bado hazijatimia, hata kama zimefika mezani.

Wanawake wenye umri wa kuzaa wasishike mimba mwaka mmoja hadi mwaka na nusu wa mwanzo, kwa usalama wao na wa mtoto. Uzito unaposhuka uwezo wa kushika mimba huongezeka, hata kwa aliyekaa miaka bila kupata, na vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki sana baada ya ile njia ya kuunganisha utumbo. Mume ashirikishwe katika hilo. Nywele hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kwa kawaida huota tena. Ngozi hulegea, na hiyo hairudi yenyewe.

Hapa tena ndipo mtaa unapoingia. Buyenzi mtu akikonda haraka, nywele zikapungua, watu wanajua jina la ugonjwa kabla ya kumuuliza hali. Wengine watasema ukimwi, wengine watasema karogwa. Mama anayejua atasemwa hivyo hujificha, hujifungia ndani, huacha hata kwenda kupima damu asije akaonekana kwenye foleni. Siwezi kuamuru mtu atangaze siri yake barazani. Ila walau watu watatu wajue: mmoja wa nyumbani, muuguzi au daktari wa karibu, na muuza dawa wake.

Mwezi wa Ramadhani nao umewahi kuleta ubishi katika nyumba moja niliyoitwa. Mtu ambaye maji lazima ayanywe funda moja moja mchana kutwa hawezi katika miezi ya mwanzo kuyakusanya yote kati ya magharibi na alfajiri. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa. Amuulize daktari wake lini mwili utaweza, na amuulize shekhe wake namna ya kulipa. Wasimhukumu majirani.

Mwisho wa yote, uzito unaweza kurudi. Wale wa Sweden waliofanyiwa njia ya kuunganisha utumbo, baada ya miaka 15 walikuwa bado wamepungua zaidi ya robo ya uzito wa zamani, lakini hata wao walikuwa wameshaanza kurudisha kiasi baada ya mwaka wa pili. Sambusa za jioni na chai ya sukari nyingi hupita bila shida kwenye tumbo dogo. Kisu hakikati mazoea.

Kwa hiyo familia zile mbili niliziambia hivi, na nawaambia na wengine. Kabla ya kutuma pesa popote, ulizeni hospitali hiyo inafanya upasuaji huu kwa wingi kiasi gani na nani atapokea simu yenu usiku. Tafuteni daktari hapa Bujumbura atakayekubali kumfuatilia mgonjwa, aonane naye kabla hajasafiri. Dai barua ya Kifaransa pamoja na ile ya Kiingereza, yenye jina la upasuaji, dawa zilizokatazwa na vipimo vya kufanywa. Wekeni kando pesa za mwaka mzima wa vitamini na vipimo. Yakitimia hayo manne, mpelekeni, na Mungu amrudishe salama.

Familia moja imeshampata daktari. Ya pili imeahirisha safari hadi pesa za vitamini zipatikane, na dada yao amekasirika. Namwelewa, magoti yanamuuma yeye, hayatuumi sisi. Lakini ni afadhali angoje miezi sita akiwa na hasira, kuliko arudi haraka kwenye nyumba ambayo hakuna anayejua la kufanya akianza kutapika.