Kibodi ni nzima, msiiuze: fuateni noti inakopita

 

Leo naongea na wale wenzangu ambao chumba cha hosteli ni bweni mchana na studio usiku. Mnajijua. Godoro limesimamishwa ukutani kupunguza mwangwi, laptopu iko juu ya ndoo, kibodi ndogo ya funguo 25 imenunuliwa kwa hela ya bumu, na jirani anagonga ukuta kwa sababu kesho asubuhi ana pepa.

Juzi kwenye ubao wa matangazo karibu na kantini nimekuta karatasi: kibodi ya muziki inauzwa, haitoi sauti, bei ya kuongea. Muhula huu hilo ni tangazo la tatu la aina hiyo kuliona kwa macho yangu. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusipotezeane muda: kibodi nyingi zinazouzwa hapa chuo kwa bei ya kutupa ni nzima kabisa. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa nusu saa na kufuata noti inakopita. Sisi tuna tabia moja mbaya, kitu kikigoma tunabadilisha kitu. Tunashusha plagini nyingine, tunafomati laptopu, tunaazima kibodi ya mwenzetu. Kuuliza "imekwama wapi?" hatutaki.

Kwanza tuelewane jambo moja. MIDI si sauti! Hapa ndipo wengi wanapopotea. Waliopitia kwaya watanielewa haraka. Mwalimu wa kwaya akigawa karatasi za solfa, zile za d r m f, karatasi yenyewe haiimbi. Inasema iimbwe noti gani, lini, na kwa nguvu kiasi gani. Ukiiacha mezani inakaa kimya mpaka kiama. MIDI ndiyo karatasi hiyo. Ukibonyeza C ya katikati, kibodi inatuma ujumbe mfupi tu: noti namba 60 imebonyezwa, nguvu yake ni 90. Ukiachia, unakwenda ujumbe mwingine: noti namba 60 imeachiwa. Namba zote zinaanzia 0 mpaka 127. Hakuna piano wala filimbi ndani ya ule waya. Kwaya ni plagini iliyomo ndani ya laptopu yako, na sauti inatoka kwa kwaya.

Ukishaelewa hilo, "haitoi sauti" inakuwa lawama isiyo na kichwa, maana kibodi ndogo ya namna hii haikuumbwa kutoa sauti. Inabidi uulize karatasi imeishia mikononi mwa nani. Kuna vituo vinne, na mimi huvipita kwa mpangilio bila kuruka hata kimoja.

Kituo cha kwanza, je, programu inaiona kibodi? Fungua mipangilio ya MIDI, uone kama jina lake lipo na kama imeruhusiwa kuingiza. Kuwepo kwenye orodha peke yake hakutoshi, lazima uiwashe. Na kama uko kwenye Windows, angalia kama hukuacha programu nyingine ya muziki wazi kule nyuma. Kwa draiva nyingi za zamani, programu ya kwanza kuishika kibodi ndiyo inayoimiliki, ya pili inaambulia patupu.

Kituo cha pili, traki. Kwenye REAPER, kwa mfano, traki mpya kwa kawaida huja ikiwa inasubiri sauti ya maiki. Wewe unabonyeza kibodi weee, yenyewe inasikiliza maiki. Ibadilishe isubiri MIDI, washa kile kitufe chekundu cha kurekodi, na uruhusu ujisikie wakati unapiga. Kitaa cha traki kikicheza ukibonyeza, noti imefika.

Kituo cha tatu, plagini. Hapa kuna mambo ya chaneli. MIDI ina chaneli 16 katika njia moja, na kwa mpangilio uliokubaliwa tangu 1991 ngoma hukaa chaneli ya 10. Kibodi ikituma kwenye chaneli ya 1 na plagini inasikiliza ya 10 peke yake, hawa wawili hawatakutana milele. Kwenye FL Studio kuna na namba ya mlango pia, ukitaka chombo kimoja kiongoze plagini nyingine namba za pande zote mbili lazima zifanane. Halafu kuna mpangilio wa foleni: plagini inayochezea noti, kama ile ya kuzitawanya noti za kodi, inakaa kabla ya chombo. Plagini inayochezea sauti, kama mwangwi, inakaa baada ya chombo. Ukiweka mwangwi juu na piano chini, unaipaka mafuta karatasi ya solfa ukitegemea kwaya ing'ae.

Kituo cha nne, kutoka. Kitaa cha plagini kinacheza lakini spika kimya? Basi MIDI haina kosa, hamia upande wa sauti: draiva gani imechaguliwa, hedifoni iko tundu gani. Na ikitoka kwa kuchelewa, tazama bafa. Sauti ya kawaida ni sampuli 44,100 kwa sekunde. Bafa ya 512 inachelewesha kama milisekunde 12, ya 2048 inafika 46 na ushee, na hapo bado hujahesabu ucheleweshaji wa sehemu nyingine. Kwa 46 huwezi kupiga kwa mahadhi, utadhani vidole vimelewa. Ishushe wakati wa kupiga, ipandishe wakati wa kuchanganya. Na noti ikikwama inalia bila kukoma, msiite virusi, ni ule ujumbe wa kuachia ndio haukufika. Programu nyingi zina kitufe cha kunyamazisha noti zote, kitafuteni kabla hakijahitajika.

Kwa hiyo: tazama taa. Pale taa ya mwisho inapowaka na inayofuata haiwaki, tatizo liko katikati yao.

Sasa mtaniuliza, mbona unakomaa na jambo dogo hivi? Kwa sababu si dogo. Mwaka jana kuna jamaa walitunga wimbo wa mahafali ya darasa lao. Kila mmoja alichanga shilingi 5,000, na producer wao ni mwanafunzi kama sisi, alikesha nao wiki mbili. Jumatano, mahafali Jumamosi, laptopu yake ikagoma kuwaka vizuri, wakahamishia faili la wimbo kwenye laptopu nyingine kwa flashi. Wakafungua... kimya. Ngoma hakuna, kinanda hakuna, hata sauti zao za kuimba hakuna. Kufika jioni maneno yalishaanza: amekula hela, hakuna wimbo, ameuza kazi kwa watu wa nje. Watu walioishi chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza hawasalimiani.

Niliitwa nikakaa nao. Sauti za kuimba zilikuwa kwenye folda nyingine kabisa, maana faili la mradi linabeba maelekezo tu, sauti zilizorekodiwa zinakaa nje yake. Ile laptopu ya kwanza ilibembelezwa ikawaka dakika chache, folda ikanakiliwa, sauti zikarudi. Ngoma je? Plagini iliyotumika haikuwepo kwenye laptopu ya pili, lakini noti zilikuwepo zote, mstari kwa mstari. Kwaya ilikuwa imeondoka, karatasi imebaki mezani. Tukaweka plagini nyingine ya ngoma, bado kimya, tukatazama chaneli: noti zinakwenda ya 10, plagini inasikiliza ya 1. Tukabadilisha, ngoma zikalia, na nakwambia mle chumbani kuna mtu alilia pia. Kinanda kile cha mwanzo hakikupatikana, kilikuwa cha plagini ya kuchakachua ambayo ilikataa kabisa kufunguka, wakaweka kingine. Jumamosi waliimba. Ila yule producer mpaka leo hajarudi kwenye lile kundi, na siwezi kumlaumu.

Hapo ndipo naingia kwenye plagini za kuchakachua. Najua hamtapenda. Si mahubiri ya sheria haya, ingawa sheria ipo. Nasema tu kwamba mtu ana plagini 300 za flashi ya mwenzake, hajui ipi ni ya biti 32 na ipi ya biti 64 (biti hizi si zile za kuchania jamani), programu yake ni ya biti 64, nusu ya plagini hazionekani, na anahitimisha kuwa laptopu imezeeka. Hajui kuwa zile za VST3 kwenye Windows zina nyumba yao maalumu, folda ya VST3 ndani ya Common Files, na zile za zamani lazima uionyeshe programu folda zilipo kisha uiambie izikague upya. Na siku kraki ikigoma hakuna wa kumuuliza, maana aliyeitengeneza hana jina.

Wakati huo huo, vya bure halali vipo tele. Surge XT ni ya bure. Dexed, inayoiga ile sintesaiza ya Yamaha DX7, ni ya bure. Vital ina toleo la bure. LMMS ya kutengeneza midundo ni ya bure. REAPER unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu, na leseni yake ya bei ya chini ni dola 60. Si hela ndogo kwa mtu wa bumu, nakubali, lakini watu wanne mnaochangia nauli ya kwenda harusini mnaweza kujipanga, kila mmoja akaipata kwa zamu. Na kama unatumia toleo la majaribio la FL Studio, jua kabisa kuwa linahifadhi kazi lakini halikufungulii kazi hiyo tena mpaka ununue. Wengi wanadhani faili limeoza. Halijaoza, linakusubiri.

Kuna wanaosema, "Bwana wee, sisi ni wasanii, mambo ya chaneli ni ya watu wa injinia." Hoja hiyo nimeisikia sana na ina ukweli kidogo, maana kuna watu wamejua kila plagini duniani na hawajamaliza wimbo hata mmoja. Lakini dereva wa daladala si lazima awe fundi, ila anajua mafuta yanaingilia wapi. Msanii asiyejua noti yake inapita wapi ni mateka wa yeyote anayejua.

Na mateka hao wanalipishwa! Hili ndilo linaloniuma zaidi. Hapa chuo kuna watu wanachukua 10,000 kuja chumbani kwako, wanakugeuzia mgongo, wanabonyeza vitu viwili, kibodi inalia, wanaondoka. Hawakuonyeshi walichobonyeza. Wiki ijayo unawaita tena. Ufundi umegeuzwa uganga.

Hebu linganisheni na hawa. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM kule California, sintesaiza ya Sequential Circuits ya Marekani iliunganishwa kwa waya na ya Roland ya Japani, zikaongea. Makampuni mawili yanayogombea wateja wale wale! Dave Smith na Ikutaro Kakehashi ndio waliosukuma jambo hilo, na mfumo uliachwa wazi kwa kila mtengenezaji bila ada. Kwa sababu hiyo kibodi yako ya mtumba leo inaelewana na programu iliyotoka mwezi uliopita. Mwaka 2013 wote wawili walipewa Grammy ya ufundi. Kakehashi alifariki 2017, Smith 2022, waya wao bado unafanya kazi kwenye ndoo yako. Sasa wao wametoa mfumo mzima bure, wewe unauza kitufe kimoja kwa 10,000?

Lipisheni muda wenu, sikatai, mtu akikesha kuchanganya wimbo alipwe. Ila kuonyesha njia kusiwe siri. Napendekeza hivi: kila bloku lenye watu wa muziki litenge jioni moja kwa mwezi, kila mtu aje na kibodi yake iliyogoma, na mwenye kujua asiguse kitu, aelekeze kwa mdomo tu, mwenye kibodi abonyeze mwenyewe. Na kabla hujafunga chuo kwenda likizo, geuza kila traki kuwa faili la WAV, weka pamoja na mradi na folda ya sauti, nakili sehemu mbili. WAV haihitaji plagini ya mtu.

Na wewe mwenye lile tangazo la kantini, kabla mnunuzi hajakupigia, pitia vituo vinne. Ukikwama cha tatu njoo chumbani kwangu, ulete na waya. Chai utakuta, sukari uje nayo.

Kazi njema wadau.