TUSINUNUE PAMPU KABLA YA KUTAZAMA PIPA

Ndugu wanaushirika,

Gari letu linaumwa, na kila mtu analijua hilo. Likiwa tupu kwenye tambarare linakwenda vizuri tu. Likishapakiwa magunia na kufika mlima wa shule, linaanza kushtuka-shtuka kama mtu mwenye kwikwi: linavuta, linaachia, linavuta tena, mpaka utingo anaruka chini na jiwe la kukinga tairi. Wiki iliyopita mama mjamzito aliyekuwa anapelekwa zahanati ilibidi ashuke, amalizie mlima kwa miguu. Jambo hilo si la kucheka.

Sasa mkutano wa Jumamosi utaletewa shauri la kuchukua fedha za mbolea tukanunue pampu ya dizeli. Mimi nasema hapana. Si hapana ya milele, ni hapana ya Jumamosi hii. Sababu zangu naziandika hapa ili kila mtu azisome kwa utulivu, tusije tukaishia kupigiana kelele.

Kwanza nauliza: hiyo pampu imepimwa na nani? Fundi wa mjini alifungua boneti, akasikiliza dakika mbili, akasema, "Pampu imekwisha." Filta hakufungua. Tenki hakutazama. Jamani, hata mganga hachomi sindano kabla ya kukuuliza unaumwa wapi.

Mimi kabla ya kurudi kulima nilikuwa utingo wa lori miaka sita. Fundi mzee aliyekuwa akitutengenezea alianza na swali moja tu: linashtuka wakati gani? Kama ni wakati wa kuondoka, unapoachia klachi, alitazama klachi na zile raba zinazoshika injini. Kama kuna mgongano chini kila unapokanyaga na kuachia mafuta, alitazama viungo vya propela shafti. Kwa pikipiki na gari la petroli huanzia kwenye plagi na waya wake, maana cheche ikikosekana injini nayo inakosa pigo. Lakini gari la dizeli halina cheche. Likishtuka limebeba mzigo na linapanda mlima, mara nyingi lina njaa. Mlimani injini inataka mafuta mengi. Njia ikibanwa, au mafuta yakichanganyika na maji au hewa, injini inapata, inakosa, inapata tena. Ndiyo hiyo kwikwi.

Njaa hiyo hutafutwa kuanzia cha bei rahisi kwenda cha bei kubwa. Hivi:

1. Maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini. Chini ya filta ya gari letu kuna koki ya kuyatolea. Injini izimwe, koki ifunguliwe, kinachotoka kikingwe kwenye chupa inayoonyesha, kiachwe kitulie. Tukiona mstari, maji chini na dizeli juu, jibu tumelipata bure.

2. Filta. Ibadilishwe, halafu hewa itolewe kwa pampu ndogo ya mkono. Hewa ikibaki ndani gari litashtuka vilevile, na tutailaumu filta mpya bure.

3. Kifuniko cha tenki. Kina tundu la kupumulia. Tundu likiziba, mafuta hayavutiki sawasawa. Gari likianza kushtuka lisimamishwe pembeni, kifuniko kifunguliwe. Likipata nafuu papo hapo, tumemkamata mwizi.

4. Mipira ya mafuta na vibano vyake. Palipolegea hapavuji mafuta siku zote. Pengine pananyonya hewa tu.

5. Hayo yakishindikana, fundi aunge kidumu cha dizeli safi bila kupitia tenki. (Jambo hili ni la fundi, tena ni la dizeli tu. Mtu asijaribu kwa petroli, ataungua.) Likienda laini, ubaya uko kwenye tenki au njia yake. Likiendelea kushtuka, hapo pampu na nozeli zipelekwe kupimwa kwenye mashine. Zikionekana mbovu, mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono fedha zitoke.

Sasa nije kwenye neno linaloniuma. Pipa letu la dizeli limesimama nje, nyuma ya ghala. Mvua ikinyesha, maji yanatuama juu yake. Usiku pipa likipoa, hewa ya ndani inasinyaa na kuyavuta maji yapite kwenye kizibo. Asubuhi tunatia mpira mpaka chini kabisa, penye maji na takataka, tunachuja kwa kipande cha kanga. Kanga inazuia majani, haizuii maji.

Na shauri la kununua kwa pipa lilikuwa la nani? Lilikuwa langu mimi, ili tuokoe shilingi chache kwa kila lita. Wengi mlinipigia makofi. Dereva peke yake aliuliza, "Litakaa wapi?" Tukamnyamazisha. Leo dereva huyo huyo ndiye anayesemwa vijiweni eti hajui kupanga gia. Ndugu zangu, huo si ungwana.

Tena tujue hivi: dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Maji hayalainishi, yanaleta kutu. Tukinunua pampu mpya tukainywesha maji ya pipa lile lile, tutakuwa tumemwosha mtoto na kumrudisha matopeni. Mwakani tutaitisha mkutano mwingine wa pampu.

Kwa hiyo naomba Jumamosi tukubaliane haya. Pipa liingizwe chini ya paa leo leo. Likishajazwa au kusogezwa liachwe litulie siku nzima, na mpira usiguse chini. Masalio ya mwisho yasitiwe garini. Tenki lisafishwe. Lifunguliwe daftari la gari, liandikwe filta imebadilishwa lini, mafuta yametoka wapi, gari limeshtukia wapi. Na mkutanoni dereva azungumze kwanza, kabla ya sisi tusioshika usukani. Mpaka gari lipone, lisipande mlima wa shule na watu wamekaa juu ya magunia.

Filta na kazi ya siku moja si gharama ya kututoa jasho. Fedha za mbolea zikitoka hazitarudi kabla ya kupanda. Pampu inaweza kusubiri wiki moja, mahindi hayasubiri.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Utingo wa zamani