Ubao wa Kupandia: Kumfunza Mbwa Kupanda Garini kwa Hiari Yake

Wakulima wengi wana mbwa wa kulinda nyumba, mbuzi na mahindi, lakini ni wachache wanaomfunza mbwa huyo jambo lo lote. Jioni humtupia makombo, mchana humfukuza kwa fimbo, kisha siku ya haja humtaka atii kama askari. Kwa maoni yangu hii si haki, wala si akili. Mnyama asiyefunzwa hana lawama kwa kutojua.

Nataka kusema juu ya jambo moja dogo, nalo ni kumfunza mbwa kupanda gari la ng'ombe kwa ubao uliolazwa mshazari. Najua wengine watacheka na kusema, "Mbwa ni mbwa tu, huo ni mchezo wa watu wasio na kazi." Nami nawauliza: Je, ng'ombe wenu wa kulimia walizaliwa wakijua nira? Punda alizaliwa akijua mzigo? Mliwafunza kwa subira, na subira hiyo imewalipa. Basi kwa nini mlinzi wa mali yenu awe peke yake asiyestahili kufunzwa?

Sababu yangu kubwa ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Katika watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu, karibu 99 katika kila 100 waliupata kwa mbwa. Dalili zikiisha kumtokea mtu, karibu hapana anayepona. Lakini kinga ipo. Mwaka 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye mtoto akaishi. Tena mbwa wenyewe huchanjwa, na wataalamu wameona kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Kwa hiyo kila mbwa anayeachwa nyumbani siku ya chanjo ni ufa katika ukuta wa kijiji kizima, nasi sote twajua yampatayo asiyeziba ufa.

Na kwa nini mbwa huachwa? Mara nyingi si kwa ubaya wa mwenyewe. Mahali pa chanjo ni mbali, mbwa ni mzee au hajazoea kamba, na huko njiani hupigana na mbwa wa wengine. Akiinuliwa kwa nguvu atiwe garini, hutapatapa na kumwuma hata bwana wake. Mara nyingi watoto ndio hutumwa kumpeleka, nao ndio huumwa. Mwisho watu huchoka na kusema, "Mwacheni." Lakini mbwa aliyezoea ubao hupanda mwenyewe, hufungwa garini akatulia, na mchanjaji humdunga sindano pale pale pasipo ugomvi.

Kazi yenyewe si ngumu. Gari likiwa na kimo cha futi 2, tafuta ubao wenye urefu usiopungua futi 6, na upana wa futi 1 na nusu. Ubao mfupi huwa mkali kama ukuta, na mbwa atauogopa. Pigilia gunia juu yake, ama vipande vyembamba vya mbao kwa kukingama, ili miguu isiteleze. Hakikisha kwamba hautikisiki. Mbwa akiteleza mara moja tu, huenda usimrudishe hapo kwa majuma mengi.

Siku za kwanza laza ubao chini kabisa. Mwite mbwa kabla hajala, umwongoze kwa kipande cha ugali au dagaa mpaka autembelee wote, kisha umpe na kumsifu. Dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni zatosha. Akiupita bila wasiwasi, inua ncha moja kwa tofali. Siku nyingine weka matofali mawili. Na hivyo hivyo mpaka ufike kimo cha gari. Akisita, rudi nyuma hatua moja. Usimvute kwa kamba, usimsukume kwa nyuma, wala usimpige, maana atafikiri ya kuwa ubao ndio uliomwumiza.

Mfunze na kushuka pia, polepole, ukiwa kando yake. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, kwa kuwa uzito huelemea miguu ya mbele. Wala usimwache aruke kutoka juu ya gari, hasa akiwa mzee au mtoto, kwani kuruka huumiza viungo. Mtoto wa mbwa ndiye hufunzwa upesi zaidi; samaki mkunje angali mbichi. Naye mtoto huyo asiachwe nyumbani siku ya chanjo, maana mbwa wa umri wote hupasa kuletwa.

Wengine watasema ubao ni gharama. Nakubali kwamba mbao si bure. Lakini ubao ule ule wafaa kupandishia mbuzi na ndama siku ya mnada, na kupitishia toroli lenye gunia la mahindi. Hata mlango mkuukuu, ukiwa bado imara, watosha. Kinachopungua katika miji yetu si mbao, ni subira.

Wala mtu asidhani kwamba ubao ni badala ya chanjo. Ubao ni njia tu ya kuifikia. Mtu akiumwa na mbwa, na aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Ndugu wakulima, msingoje mpaka siku ya chanjo itangazwe. Siku hiyo ni ya kuvuna, si ya kupanda mbegu. Anzeni juma hili, ubao ukiwa chini na dagaa mkononi. Anayemzoeza mbwa wake leo anamlinda mtoto wake, na mtoto wa jirani pia.