Bukavu: Kutoa injekta kando ya barabara kuwe dawa ya mwisho, si ya kwanza

Kuanzia Kadutu hadi Essence, wakaaji wa Bukavu wamezoea kuona Hiace imesimama, kiti cha mbele kimeinuliwa, fundi ameinama juu ya moteri. Pembeni abiria wanangoja. Mara nyingi ni familia zilizohama vita, wamama na watoto pamoja na magodoro na masufuria yao. Dakika chache tu, fundi ametoa uamuzi: injekta zitoke zote.

Haraka hiyo inaumiza watu na inamaliza pesa ambazo hazipo. Tangu mji uingie mikononi mwa AFC/M23 katikati ya Februari 2025, benki zilifungwa na pesa taslimu zikawa ngumu kupatikana. Shofa akitozwa kazi isiyo ya lazima, mwisho wake ni nauli kupanda.

Kwanza mazuti yaangaliwe. Mazuti ya bidoni yanayouzwa na akina Kadhafi yanaweza kuwa na maji au takataka. Gari ikikosa nguvu kwenye mlima na kutoa moshi, fundi aanze na filtri: afungue kizibo cha chini, amwage maji, na filtri ikichoka ibadilishwe. Injekta mpya ikiwekwa kwenye mazuti machafu itakufa kama ile ya zamani.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mazoea. Kwa Hiace za zamani zenye pompa ya kawaida, mafundi hulegeza nati ya mrija wa kila injekta, moja baada ya nyingine, moteri ikizunguka, ili kujua silinda gani haifanyi kazi. Lakini magari mengi ya mazuti yaliyotengenezwa baada ya mwaka 2000 yana mfumo mwingine, wenye mrija mmoja wa pamoja unaobeba mazuti kwa presha inayopita bari 1,000. Kulegeza nati hapo moteri ikizunguka ni kucheza na kifo. Mazuti hupenya ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo, lakini mkono unaweza kuoza ndani, kwa hiyo mtu apelekwe hospitali mara moja, asingoje kesho.

Kwa magari hayo kuna njia ya bei nafuu: chupa nne. Mirija ya kurudisha mazuti inatolewa, kila injekta inaunganishwa na chupa yake, moteri inawashwa kidogo. Chupa inayojaa haraka kuliko nyingine inaonyesha injekta iliyochoka. Basi itatoka hiyo moja, si zote.

Na ikibidi kutoa, kuna sheria zake. Moteri izimwe na presha iachwe ishuke, batri ifunguliwe, na sigara na moto vikae mbali, hasa kwa gari ya esanse. Sehemu ipanguswe kabla ya kufungua, na mirija izibwe mara moja, maana vumbi la barabara yetu ni adui wa injekta. Kila moja irudi kwenye silinda yake, na rondeli ya shaba iwe mpya.

Mafundi watasema hawana mashine wala muda. Ni kweli, wengi wanafanya kazi katika hali ngumu, na bila wao mji huu ungesimama. Lakini chupa, kitambaa safi na subira havihitaji mashine.

Mashirika ya mashofa yangeweza kutenga mahali safi kwenye kila parkingi kwa kazi hiyo. Wenye magari nao wamlipe fundi kwa kutafuta ugonjwa, si kwa kutoa vyuma tu. Mama anayepanda na watoto kuelekea Kavumu au kushuka Ngomo kwenda Kamanyola hajui injekta ni nini. Anaamini tu kwamba gari itafika.