"Inajulikana Tu" Si Ushahidi

Wasee wa Kutus, leo siongei mambo ya kodi ya bedsita wala vumbi ya barabara. Leo niko na shida na sentensi moja: "Hiyo shule ni mbovu, inajulikana tu."

Mmeisikia. Inasemwa kwa kinyozi, inasemwa steji ya matatu za Kerugoya, inasemwa kwa grupu za WhatsApp na watu ambao watoto wao hawajafika hata PP1. "Hiyo shule" ni JSS ya umma, ile iko ndani ya boma la shule ya msingi ya mtaa. Jina haijalishi, kwa sababu nimeisikia ikisemwa kuhusu karibu kila shule ya umma kutoka hapa mpaka Kianyaga. Na ukiuliza "mbovu aje?" unaangaliwa kama umeuliza kwa nini mchele wa Mwea unanukia.

Mimi niliuliza tu. Kwa wiki mbili, kila mtu aliyeniambia shule fulani ni mbovu nilimuuliza anajuaje. Majibu? Watoto wanaongea Kikuyu uwanjani. Sweta zimetoboka kwa kiwiko. Hakuna basi ya njano. Mmoja aliniambia geti imepakwa rangi vibaya. Geti! Mwingine, mtu mzima na heshima zake, akasema enzi zake hiyo shule ilikuwa inabeba mkia kwa KCPE.

Hapo kwa KCPE ndipo nataka tukae kidogo.

JSS haikuwa enzi zako, mzee wangu. Haikuwa enzi za mtu yeyote. Darasa la kwanza la Gredi ya 7 nchini Kenya liliingia mapema 2023. Kamati ya Profesa Raphael Munavu, ile Rais aliunda 2022, ilipendekeza watoto hao wabaki kwa shule za msingi badala ya kupelekwa sekondari, na ndiyo sababu JSS iko hapo nyuma ya madarasa ya watoto wadogo. Mtihani wao wa kwanza, KJSEA, ulifanywa mwishoni mwa 2025. Walioufanya ndio waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho 2023. Yaani tunaongea kuhusu shule ambayo imemaliza darasa moja tu, na tayari "inajulikana". Inajulikana na nani? Sifa mnayoirudia ni ya shule nyingine, yenye walimu wengine, silabasi nyingine na mtihani ambao haupo tena. Boma tu ndilo lile lile.

Mwaka wa 2014 serikali ilipiga marufuku kupanga shule kwa nafasi baada ya matokeo. Mtaa haukupata hiyo barua. Sisi tuliendelea kupanga kwa mdomo, na angalau ile orodha ya zamani ilikuwa na hesabu ndani yake. Yetu iko na rangi ya geti.

Najua kuna mtu ameanza kuandika: "Wewe huna mtoto, unajua nini?" Niko na dadangu mdogo, Gredi ya 8, JSS ya umma, na mimi ndiye naangalia kazi zake za jioni kwa sababu mathe anafika nyumbani saa tatu usiku. Kwa hivyo najua vizuri ni nini hakiko sawa. Najua kuliko nyinyi, na si geti.

Kwa shule yao, mwalimu aliyesomea Kiswahili na Dini ndiye anafundisha pia Pre-Technical. Masomo ya JSS ni 9, baada ya kupunguzwa, na walimu hawatoshi, kwa hivyo huyo mwalimu anasoma usiku ndio asubuhi afundishe. Maabara hakuna. Mwalimu wao wa sayansi hubeba siki na magadi kutoka kwake nyumbani, na jaribio linafanywa kwa glasi za kunywa maji. Dadangu alikuja akanieleza hiyo jaribio mwanzo mpaka mwisho, hatua kwa hatua, na akaniuliza swali nikashindwa kujibu. Sasa niambieni: hiyo ni shule mbovu ama ni mwalimu mzuri ambaye amenyimwa vifaa? Hizo ni stori mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inakuambia utoroke. Ya pili inakuambia kuna mtu anadaiwa maabara.

Ndiyo maana "mbovu" inaniudhi. Ni neno halina anwani. Ukisema "mbovu", hakuna mtu anaitwa kujibu. Ukisema "hatuna mwalimu wa Pre-Technical tangu muhula wa kwanza", hapo umeita TSC kwa jina. Ukisema "hatuna maabara", umeita Wizara ya Elimu, na umemkumbusha mheshimiwa wa eneo bunge kwamba zile pesa za NG-CDF zinaweza kujenga kitu kingine mbali na geti. (Hiyo geti itanisumbua mpaka Krismasi.)

Na kabla hujamtupia MCA ama gavana maneno: kaunti inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. JSS si yao. Nimeona mtu akimchapa MCA kwa Facebook aya tatu kuhusu walimu wa JSS. MCA hana hata mwalimu mmoja wa JSS wa kuhamisha. Hasira ilikuwa ya haki lakini ilishukia steji ya makosa.

Kuhusu walimu, wacha niwakumbushe kitu ambacho mtaa umesahau haraka sana. Wengi wa waliobeba JSS tangu mwanzo waliajiriwa kama wanagenzi, mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Watu wa digrii, wamesajiliwa na TSC, wanafundisha mzigo mzima wa darasa. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikasema mpango huo ni kinyume cha sheria. Mei wakagoma. Maelfu yao walipata ajira ya kudumu baadaye, mwanzoni mwa 2025, na wengine 20,000 wapya wakachukuliwa kwa uanagenzi ule ule. Sasa fikiria uko Kutus na 20,000. Toa kodi, toa nauli, toa deni la HELB, halafu ununue siki ya jaribio la watoto wa watu. Halafu ukipita dukani unasikia ukisemwa: "walimu wa hiyo shule ni wavivu."

Wakati wa ule mgomo mlikuwa wapi? Mlikuwa mnasema, "Ona, si tulisema ni mbovu."

Twende kwa pesa, kwa sababu hapa ndipo maneno mengi hukauka. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa JSS ni shilingi 15,042 kwa mwaka. Chukua shule yenye wanafunzi 200. Hiyo ni 3,008,400. Milioni tatu! Zimefika zote? Zimefika lini? Zilinunua nini? Sijui shule yako, lakini wewe mzazi unaweza kujua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka bodi ya usimamizi na chama cha wazazi kwa kila shule ya umma, na kila mzazi mwenye mtoto pale ni mwanachama. Huombi ruhusa kujiunga. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari kutoka kwa serikali, na tangu 2016 kuna sheria nzima ya kuitekeleza. Mwalimu mkuu akikuambia hesabu za shule si biashara yako, yeye ndiye amekosea.

Na wapo wanaosema hivyo. Sitaki mtu afikiri naosha walimu wakuu. Kuna wakuu wanaendesha JSS kama chumba cha nyuma cha shule ya msingi, mwalimu wa JSS akiomba karatasi za kupiga chapa anajibiwa kama ombaomba. Walimu wa JSS wamekuwa wakilia wapewe usimamizi wao wenyewe, na ukisikiza sababu zao, si zote ni za kiburi. Lakini hata mkuu wa aina hiyo anaogopa kitu kimoja: wazazi arobaini wenye maswali yanayofanana. Haogopi stetasi yako ya WhatsApp. Hayuko hata kwa hiyo grupu.

Shida ni kwamba wazazi wenye mdomo wamehama. Mzazi anayejua kuandika barua, anayejua afisi ya elimu iko wapi, anayeweza kuchukua siku kazini bila kufutwa, huyo ndiye wa kwanza kupeleka mtoto akademi. Sina ubaya naye, pesa ni zake na mtoto ni wake. Lakini anaacha nyuma mama wa sokoni ambaye mkutano wa Ijumaa asubuhi unamgharimu mauzo ya siku, na shosho analea wajukuu watatu. Halafu yule aliyehama ndiye anaongoza kwa kusema, "wazazi wa huko hawajali."

Na hiyo akademi, uliwauliza chochote? Umeona maabara yao ama uliona basi? Wewe unalipa karo kila muhula, na hujawahi kuuliza ni nani anafundisha Pre-Technical. Kuna shule za kibinafsi zinafanya kazi safi, nakubali. Kuna zingine Gredi ya 7 mpaka ya 9 ni chumba cha mabati na sare nzuri, na hakuna anayesema "inajulikana tu" kwa sababu ukishalipa unataka kuamini.

Sasa, kwa nini nimepandwa hivi? Si sababu ya walimu, wao ni watu wazima. Ni sababu ya watoto, maana hao wanatusikia.

Dadangu alipoanza Gredi ya 7 alikuwa anavua sweta ya shule akifika mjini na kuificha kwa begi, hata kama baridi ya mlima imeshuka. Hakuna mwalimu alimfundisha hiyo aibu. Tulimfundisha sisi, kwa steji na kwa kinyozi. Mwaka huu ameanza kusema anataka njia ya STEM akifika sekondari ya juu, anataka mambo ya dawa. Mtu mmoja wa ploti yetu, mtu mwenye nia nzuri kabisa, akamwambia: "Kwa hiyo shule? Chagua tu Sanaa na Michezo." Kwanza, hiyo ni matusi kwa sanaa na kwa michezo, kana kwamba ni jalala. Pili, ona vile hesabu imepangwa. Alama za kumpeleka Gredi ya 10 ni asilimia 20 kutoka KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka kazi za darasani za Gredi ya 7 na ya 8, na 60 kutoka KJSEA. Maana yake hiki kipindi ambacho hana mwalimu wa Pre-Technical wa kusomea kinahesabiwa. Jaribio la siki kwa glasi linahesabiwa. Yuko ndani ya mtihani sasa hivi, na sisi tuko nje tunamwambia ameshindwa.

Jirani akimtoa mtoto wa miaka 13 kwa ndoto ya sayansi kwa sababu ya sweta, uharibifu huo haurekebishwi na TSC.

Wanafunzi wa chuo kikuu hapa Kutus, na nyinyi niko na neno lenu. Mko hapa mjini, mko na masomo ya sayansi, na nyinyi pia mnairudia hiyo sentensi kama wenyeji. Wengi wenu mmetoka shule za umma za mtaa, huko kwenu Embu, Murang'a ama Nyeri. Kuna mwalimu hapa karibu anafundisha sayansi na glasi. Ulizeni shule kama zinataka mtu wa kusaidia Jumamosi moja kwa mwezi. Mkiambiwa hapana, njooni mniambie, nitaandika hiyo pia.

Kwa wengine wote naomba kitu kidogo. Ukitaka kusema shule ni mbovu, sema nini. Sema somo gani halina mwalimu, darasa gani lina watoto wangapi kwa dawati moja, choo gani hakifungiki. Sema nani uliandikia na tarehe gani. Ukifanya hivyo, ichape hadharani, nitaisambaza mwenyewe, hata kama ni shule ya dadangu.

Mkutano wa wazazi wa shule yao ni Ijumaa hii saa nne asubuhi. Mathe ana kazi, kwa hivyo amenitumia mimi na barua. Niko na maswali mawili kwa daftari, moja la mwalimu wa Pre-Technical na moja la pesa za maabara. Kama uko na mtoto pale na huwezi kufika, nitumie lako kabla ya Alhamisi usiku, nitalisoma kwa jina lako.